Cherehani ya barazani, cherehani ya chumbani

*Kushona nyumbani kunaokoa fedha kiasi gani, na gharama yake anailipa nani? Mwandishi wetu alianza kuuliza chumbani kwake.*

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa Januari, nilikuwa nimeketi sakafuni na wembe mkononi, nafumua pindo la sketi ya shule. Mke wangu alikuwa kwenye kiti mbele ya cherehani, mguu umetulia juu ya kikanyagio, ananisubiri. Binti yetu alisimama mlangoni amejifunga khanga, akiitazama sketi yake pekee ya bluu ikifanyiwa upasuaji.

Pindo lilipofunguka tulipata sentimita nne za kitambaa. Tukapata na balaa. Sehemu iliyokuwa imejificha ndani ilibaki na bluu ya dukani, ilhali sketi nzima ilikwisha kupauka kwa jua na sabuni. Mstari wa rangi nzito ukazunguka chini kote, kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko ya Jangwani. Yeyote atakayeuona atajua: hii ni ya mwaka jana.

"Mama, hiyo mimi siivai," mtoto akasema.

Sketi mpya ingepatikana, ila mbele yake kulikuwa na foleni: viatu, madaftari, na mdogo wake anayeanza darasa la kwanza, ambaye anahitaji kila kitu kuanzia soksi. Wazazi wa Dar es Salaam wanaujua mwezi huu. Mshahara wa Desemba uliliwa na Krismasi, na Januari haina haraka ya kwisha.

Mke wangu hakubishana na mtu. Alilirudisha pindo kama lilivyokuwa, akaigeuza sketi, akaniambia nifumue upande wa juu. Mkanda wa kiunoni ukatoka. Akakata kipande cha sentimita sita kwenye suruali yangu kuukuu ya bluu, akakiunga juu ya marinda, kisha mkanda ukarudi mahali pake. Sketi ikashuka hadi magotini. Kiraka kikabaki kiunoni, pale ambapo sweta la shule hufunika. Watoto wa jiji hili huvaa masweta katika joto la Januari, na siku hiyo ndipo nilipoanza kushuku sababu mojawapo.

Kazi ilianza saa nane mchana, ikaisha adhana ya magharibi inasikika. Mhariri alikuwa ameniagiza makala nyepesi kuhusu raha ya kushona nyumbani, yenye picha nzuri. Raha niliiona. Niliona pia Jumapili nzima ya mtu ikipita chini ya sindano.

Leso sita kwa uzi

Pwani hii ilijua nguo za kununua kabla haijaijua cherehani. Katika karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilishusha Zanzibar marobota ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Watu wakakiita marekani, na jina hilo bado lipo madukani.

Khanga ilikuja baadaye katika karne hiyohiyo. Simulizi inayojulikana zaidi kuhusu chanzo chake inahusu sindano: wanawake wa mjini walinunua leso zilizoletwa na Wareno, wakaziunga sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona mtindo umeshika, wakaagiza kitambaa kilichochapwa kizima. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo khanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887.

> Kama simulizi ni ya kweli, khanga ya kwanza ilishonwa nyumbani na mwanamke aliyechoka kuvaa leso moja moja.

Serikali na vyama navyo viliipenda cherehani. Nchini Kenya, Maendeleo ya Wanawake iliyoanzishwa mwaka 1952 iliwafundisha kina mama kushona pamoja na mapishi na usafi. Tanganyika ikawa na Umoja wa Wanawake, UWT, mwaka 1962, nao ukafuata njia hiyo. Shuleni kulikuwa na sayansi kimu, na wasichana walitoka darasani na foronya iliyodariziwa maua na neno "Karibu". Mpaka leo mgombea akitaka kuonekana anawajali wanawake, hutafuta vyerehani vya kugawa. Na enzi za kaulimbiu ya Tanzania ya viwanda, waziri mhusika aliposema vyerehani vinne tayari ni kiwanda, watu walicheka kwa wiki kadhaa. Sina hakika kama walikuwa na haki ya kucheka kiasi kile.

Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, na kwa miaka mingi khanga na vitenge vyake vilivaliwa nchi nzima. Kisha ukaja uhaba wa bidhaa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wa rika langu tunazikumbuka foleni za maduka ya serikali ya RTC, na jinsi mtu alivyoingia kwenye mstari kabla ya kuuliza kinauzwa nini.

Miaka hiyo mama yangu alikuwa akigeuza kola. Kola ya shati la baba ilipochakaa kwenye kunjo, aliifumua shingoni, akaigeuza upande wa ndani uje nje, akaishona tena. Shati likaenda ofisini mwaka mwingine. Baba hakuwahi kusema neno kuhusu kola hizo. Nadhani hakuwahi kuziona.

Mchikichini, saa kumi na mbili asubuhi

Baada ya mwaka 1985, Rais Ali Hassan Mwinyi alipolegeza masharti ya biashara, mitumba ikarudi kwa kishindo. Kugeuza kola kukapoteza maana, kwa kuwa shati zima lilipatikana kwa bei ya uzi na vifungo.

Nilikwenda soko la Mchikichini, Ilala, asubuhi ambayo mabelo yanafunguliwa. Wachuuzi wanaopata mkono wa kwanza huondoka na nguo bora, wengine wote tunachambua. "Buku! Buku! Mia tano huku!" Gauni la mtoto la pamba, mshono wake mara mbili, vifungo vyote vipo: buku jero. Kitambaa kitupu cha gauni hilo, hapo jirani Kariakoo, kingezidi bei hiyo kabla hujaongeza zipu.

Marais wa Afrika Mashariki waliwahi kutaka kulimaliza jambo hili. Mwaka 2016 Jumuiya iliazimia kuacha kuingiza mitumba ifikapo 2019, ili viwanda vya ndani vipumue. Chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo Marekani kikalalamika kwa serikali yao, ikatishia kuzinyima nchi zetu nafasi ya kuuza bidhaa huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo.

Kwa hiyo belo lipo, na mwenye cherehani nyumbani hana ubavu wa kushindana nalo kwa gauni jipya. Anayeshona gauni kwa kuamini anabana matumizi anajidanganya. Ashone kwa sababu analitaka lile gauni, lenye shingo ile, kwa ajili ya harusi ile.

Lakini angalia pembeni mwa soko. Mafundi wamejipanga na vyerehani vyao wakipunguza suruali, wakibadili zipu, wakichukua gauni la mzungu mnene na kumtolea binti wa Tandika umbo lake. Mtumba bila sindano mara nyingi ni nguo ya mtu mwingine. Na nyumba ina vitu ambavyo belo halivijui: pazia la mlango wenye upana wake wa ajabu, foronya ya mto wa sufi alioujaza bibi kwa mkono, shuka iliyotoboka katikati.

Hapo hesabu inageuka. Shuka huchakaa mahali miili inapolala, huku pande za kando zikibaki nzima. Ipasue katikati kwa urefu, unganisha zile kingo mbili nzima ziwe katikati mpya, pinda pande zilizochakaa ziende chini ya godoro. Umepata shuka kwa gharama ya uzi. Utauhisi mshono mgongoni usiku wa kwanza. Usiku wa tatu umeusahau. Ikichoka tena, ikatwe shuka ya kitanda cha mtoto, halafu vitambaa vya kufutia vumbi.

Khanga ndiyo yenye maisha marefu kuliko zote. Huanza safarini na harusini, ikarudi kuwa ya nyumbani, ikawa mbeleko, ikapasuliwa winda, ikamalizikia jikoni kushikia sufuria au kuviringishwa kata ya kichwani. Ninamjua bibi mmoja aliyeweza kukutajia wajukuu wake wote kwa khanga zilizowabeba.

Mto wenye kikohozi

Nilitaka nami nifanye jambo zima, si kufumua tu. Mke wangu akanipa mradi wa wasiojua: foronya mbili kutoka upande mmoja wa khanga.

Khanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Ilowekwe kwanza, imwage wanga na rangi, na kama ni ya kupungua ipungue kabla ya mkasi. Ukiipasua kwa urefu unapata vipande viwili vya sentimita 55. Kila kipande kinakunjwa mara mbili, sentimita 66 mbele na 66 nyuma, na zile 18 zinazobaki zinaingia ndani kama mfuniko wa kuzuia mto usitoke. Hakuna zipu, hakuna kifungo. Sindano ni namba 14. Namba 16 iachiwe jinzi.

Cherehani ya kukanyaga ina kiburi chake. Ukianza kukanyaga kabla ya kulisukuma gurudumu kwa mkono liende unakotaka, linarudi nyuma na uzi unakatika. Niliukata uzi mara tano. Mara ya sita mke wangu aliweka mkono wake juu ya wangu kwenye gurudumu, bila kusema kitu, na mshono wa kwanza ukaenda. Kama kuna raha aliyoitaka mhariri, ni hiyo.

Kilichonishinda ni jina la khanga. Liko chini katikati, kwa hiyo kipande kimoja kilibeba maandishi yote, na mimi fundi mpya sikuangalia kunjo litapita wapi. Likapita baada ya neno la tatu. Mbele ya mto pakasomeka "Mapenzi ni kikohozi", nyuma "hayawezi kufichika". Usiku ule niliukuta mto umewekwa upande wangu, kikohozi juu. Nakoroma, sikatai.

Kiraka hakina bei

Mtaani kwetu kuna fundi anayeshonea barazani, mwanamume wa makamo mwenye cherehani nyeusi ya Butterfly na redio. Nilimpelekea swali la sketi. Akaniambia angeweza, ila asingependa. Kiraka kina kazi kuliko gauni jipya: unafumua, unatafuta kitambaa kinachofanana, unarudisha mkanda usipinde. Ukimtajia mteja bei ya muda huo, anakuuliza kama unamuuzia sketi.

Nilikaa kwenye benchi lake nikilitafakari jambo hilo. Kumbe ukarabati umebaki nyumbani kwa sababu barazani hakuna anayekubali kuulipia. Upole wa kina mama na ukali wa maisha ni sababu zinazofuata baadaye. Kazi ambayo soko limeikataa, ndoa ndiyo inayoibeba.

Na ndoa huibebesha mtu mmoja. Pita Kariakoo, pita Manzese: wengi wa wanaokanyaga cherehani barazani ni wanaume, na hakuna anayewashangaa. Mashine hiyohiyo ikivuka kizingiti inakuwa jambo la kike, na ghafla haina bei. Anayeshona barazani tunamwita fundi. Anayeshona chumbani tunasema ana upendo na familia yake.

> Wa barazani anaulizwa "shilingi ngapi?" Wa chumbani anaambiwa "hongera, mama."

Zanzibar wanawake wameipata njia ya katikati. Kofia za kushona kwa mkono, zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, ni kazi yao, na moja nzuri inaweza kumchukua mshonaji miezi. Mwanamke humshonea mumewe, na mwanamke huyohuyo hushona nyingine ya kuuza. Kwa hiyo mume anayevaa ya kwake anajua kabisa imegharimu nini.

Mahakama zetu ziliwahi kulitazama swali hili uso kwa uso. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama wakati wa talaka izingatie mchango wa kila mmoja katika mali iliyochumwa pamoja. Je, kupika, kufua na kushona ni mchango? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilijibu ndiyo: kazi za nyumbani za mke zinahesabika.

Watu hupenda kuisimulia kesi hiyo na kuishia hapo. Mwisho wake una uchungu. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, maana mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe alizitapanya, na hizo zikahesabiwa kuwa fungu lake. Alishinda hoja akashindwa kesi, na wanawake waliokuja baada yake ndio waliofaidi hukumu hiyo. Kenya imeliandika wazi zaidi katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, ambako kazi za nyumbani na malezi vimetajwa kwa jina kuwa mchango.

Ila sheria hizo huamka ndoa inapokufa. Wakati mume na mke bado wanalala mito miwili ya khanga moja, hakuna hakimu wa kuhesabu Jumapili.

Aliyeuza na aliyebaki nayo

Jirani yetu, muuguzi, aliuza cherehani yake. Alipewa na mashangazi siku ya kitchen party, wakaivingirisha mbele ya ukumbi kwa vigelegele, na mmoja akamnong'oneza kwamba mume akinuna, cherehani hainuni. Alishona miaka minne. Kisha akagundua kwamba kila aliporudi kutoka zamu ya usiku kulikuwa na rundo likimsubiri: la mumewe, la mawifi, la majirani waliosikia. Kukataa ikawa roho mbaya. Siku aliyoiuza, rundo lilikwisha siku hiyohiyo. Sasa anampelekea fundi na kulipa, na anasema amelala.

Nilimrudishia mke wangu hoja hiyo nikitarajia angeiunga mkono. Alikuwa sakafuni akikata ramani ya blauzi kwenye gazeti, kama mafundi wote wafanyavyo, na niliona mkono wa blauzi ukichongwa kutoka kwenye makala yangu ya wiki mbili zilizopita.

"Shoga yangu amefanya vizuri," akasema. "Mimi yangu siuzi. Kazini naandika taarifa tangu asubuhi mpaka jioni na sijui zinakwenda wapi. Hapa kitu kimekuja kimechanika, kinaondoka kimeungana, nakiona."

Akakata kidogo, akaongeza: "Usiniandike kama ninayeonewa, baba watoto. Andika napenda. Halafu andika nachoka. Yote mawili."

Nimeandika.

Nilimuuliza pia kama alijua niliwahi kugundua kola za mama yangu nikiwa mtu mzima, siku ya msiba wa baba, tulipokuwa tunagawa nguo. Mashati matatu yalikuwa yamegeuzwa kola, uzi wa ndani rangi tofauti kidogo. Mama aliyashika moja baada ya jingine akasema mwaka wa kila shati. Alikumbuka hata foleni aliyopata ule uzi.

Mke wangu akaacha mkasi. Akaniuliza kama kuna shati langu hata moja ninaloweza kusema kishikizo chake kipi amekirudisha yeye. Nilikwenda kabatini nikatafuta muda mrefu.

Shule zilifunguliwa. Binti yetu alitoka asubuhi na sketi ya magotini, sweta juu, hakuna aliyeona kitu. Saa nane mchana alirudi na sweta amelifunga kiunoni kama kibwebwe, kiraka kimefunikwa vizuri kuliko tulivyopanga, na upande wa kushoto wa sketi umepasuka shubiri nzima. Walikuwa wanacheza rede.

"Nilikuwa nawakwepa," akaeleza.

Mke wangu alikuwa kazini hadi saa kumi na mbili. Niliitandika sketi juu ya cherehani, nikatafuta uzi wa bluu, nikapitisha kwenye tundu la sindano mara ya tatu ndipo ukaingia. Kisha nikaweka mkono kwenye gurudumu kwanza, kabla ya mguu.